Mgonjwa wa Nafasi ya Kumi na Saba

Kwa wote mtakaosoma maandishi haya, mlio duniani na mlio kwenye vituo vya angani, natangaza rasmi kwamba mimi, Tusekile Mwambeta, mwanafunzi wa Kidato cha Tano, Shule ya Wasichana Lyamwelo, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba na akili zangu timamu, niliumba mtu.

Nilimuumba Jumanne asubuhi, kwa mistari kumi na moja ya maandishi. Ilitakiwa iwe kumi na minne, lakini kengele ya uji ilikuwa imeshalia, na pale Lyamwelo ukichelewa uji unakuta sufuria inakwanguliwa na watu wa Kidato cha Sita. Mistari mitatu niliyoiacha ndiyo ilikuwa ya uchovu. Kwa hiyo mtu wangu alikuja duniani hajui kuchoka. Sikufanya kwa ubaya. Nilikuwa na njaa.

Nilimwita Festo Luvanda. Miaka thelathini na miwili, kilo sabini, hajaoa. Hilo la kutooa sikulazimika kuliandika, ila niliona nisimwache mtu mjane.

*

Sikuwa saiti kwa kupenda. Muhula uliotangulia nilikuwa nimeifundisha kengele ya shule kulia saa kumi alfajiri kila Jumatatu, chumbani kwa mwalimu wa zamu peke yake. Mkuu wa shule alinisikiliza kwa utulivu mkubwa, kisha akasema kipaji kama hicho kisipotee. Akanipeleka kwenye ujenzi wa Mnara wa Ukungu, muhula mzima, niwe karani wa vivuli.

Mnara mmeuona. Ni ule mrefu ulioko mgongoni mwa mlima, unaokamata ukungu na kuufanya maji. Wakati ule ulikuwa umefika ringi ya thelathini na moja, na ulitakiwa kuwa na arobaini. Kila wiki ringi moja ya zege. Kila Jumatatu asubuhi watu thelathini walisimama msururu kutoka kwenye mchanganyo wa zege hadi juu ya jukwaa, na karai zikapita mkono kwa mkono mpaka saa sita. Hao walikuwa zamu ya asubuhi, watu wa Lukonde. Saa sita walishuka kwa njia yao, na watu thelathini wa Itowo wakapanda kwa njia nyingine, wakabeba mpaka jua linazama. Ikawa hivyo hadi Ijumaa.

Mashine za kupandisha zege zilikuwepo. Zilikuwa zimefunikwa turubai. Sheria ya Mikono ilisema mashine ifikiri, ipime, inyanyue vyuma, lakini zege lipite mikononi mwa watu, ili kila kaya iwe na mtu wake kwenye msururu. Na kaya ambayo jina lake litakuwa kwenye msururu siku ringi ya arobaini inafungwa, inapata bomba mlangoni. Asiye na jina anaendelea kununua maji ya gari.

"Karani!" Nyapara Mligo wa zamu ya asubuhi alikuwa akiniita kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi. "Leo karai ngapi?"

"Mfano unasema elfu moja na mia mbili kabla ya saa sita, nyapara."

"Mwambie Mfano apande abebe mwenyewe."

"Nimemwambia. Anasema mgongo unamuuma."

Watu wakacheka, kidogo, kicheko cha kutunza pumzi. Nyapara akanitazama kama anayenipima urefu wa jeneza, akageuka.

Mfano, programu iliyoendesha saiti, ndio uliokuwa bosi wetu sote. Kila kilichofanya kazi pale saiti kilikuwa na kivuli chake ndani ya Mfano: kila mtu, kila karai, kila beleshi, hata mchanganyo. Usiku vivuli vile viliijenga ringi ya kesho mara elfu mbili, kwa haraka, na jinsi vilivyoijenga vizuri zaidi ndivyo sisi tulivyoamriwa kuijenga asubuhi.

Vivuli hivyo vina ukoo, na hapa naomba mnivumilie kwa aya mbili, halafu sitawasumbua tena. Yuko mama mmoja anaitwa Mbebaji. Mama huyu anajua mambo manne: kupokea, kupitisha, kuchoka na kupumzika. Watu wote sitini wa msururu ni watoto wake, na chochote anachojua mama, watoto wanakirithi bila kuuliza. Ukibadilisha kitu kwa mama, umekibadilisha kwa wote sitini kwa mpigo. Mtoto anaweza kuwa na vyake, jina, kilo, nafasi yake kwenye msururu, ila tabia ya kazi ni ya mama.

Halafu hakuna kivuli kinachojua yaliyo ndani ya mwenzake. Wanatumiana ujumbe tu, kama sisi mabwenini tunavyopitishiana karatasi dirishani. "Uko tayari?" "Niko tayari." "Pokea." Kivuli cha kumi na sita hakijui kama cha kumi na saba kinaumwa. Kinajua tu kwamba kimechelewa kupokea.

Na aliyekuwa anachelewa kupokea, nafasi ya kumi na saba, zamu ya asubuhi, alikuwa dada Tulizo Ngailo.

*

"Dada Tulizo, mkono vipi?"

"Mkono upo. Haujaenda kokote."

"Umevimba."

"Na wewe shavu lako limevimba, nani amesema kitu?"

Shavu langu lilikuwa na kiazi chake. Kila mapumziko alinipa kiazi kimoja cha kuchemsha, akidai anapunguza mzigo wa kurudi nao nyumbani. Alikuwa mama wa watoto wawili, mume wake alikuwa ameondoka kutafuta kazi kwenye vituo vya angani na hakuandika, na mama mkwe wake aliishi kwa kikohozi na kulalamika. Mwezi mmoja nyuma Tulizo alikuwa ameteleza na ndoo kwenye foleni ya gari la maji, akaangukia kifundo cha mkono wa kulia.

Karai ilitakiwa ipite kwa sekunde tano. Bangili aliyovaa kila mbebaji mkononi ilihesabu. Tulizo alikuwa anatumia sita, na wakati mwingine sekunde sita na nusu. Mfano ulikuwa umeshamwekea alama nyekundu wiki mbili mfululizo. Ya tatu mtu anapumzishwa. Ndilo neno lililotumika, kupumzishwa, na sijawahi kumwona mtu akilipokea huku amepumzika.

Basi nikafanya kile ambacho msichana yeyote wa bweni angefanya. Pale Lyamwelo mwenzako akiwa hoi kitandani na majina yanaitwa, unaitika lako, unakohoa, unaitika na lake kwa sauti nyingine. Mimi nilikuwa nimeshaitikia wasichana watatu asubuhi moja, mmoja wao mwenye kigugumizi. Sikuona tofauti. Tulizo alihitaji mtu wa kumwitikia.

Mfano uliruhusu watu wawili kushika nafasi moja kwa kupokezana. Ilikuwa njia ya zamani, ya siku za mvua, hakuna aliyeitumia. Nikamweka Festo Luvanda nafasi ya kumi na saba pamoja na Tulizo. Kwa hesabu za Mfano, kila karai ya nafasi ile ilikuwa sasa kazi ya watu wawili, na sekunde sita za Tulizo zikawa tatu kwake na tatu kwa Festo.

Tatizo likawa mama. Mtoto yeyote wa Mbebaji lazima alete habari za uchovu wake kutoka kwenye bangili: mapigo ya moyo, joto, mtetemo wa mkono. Ndiyo mistari mitatu ninayoisema. Ningeweza kuitunga, lakini uji, kama nilivyoeleza. Nikakumbuka winchi pale chini ya turubai. Winchi haina moyo na haidaiwi mapigo. Nikampa Festo wazazi wawili: mama Mbebaji, aliyempa jina na nafasi kwenye msururu, na baba Winchi, aliyempa afya.

Ndoa ilifungwa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Uji niliuwahi.

Ijumaa ile Tulizo hakupata alama nyekundu. Alisimama mbele ya ubao wa saiti muda mrefu, akijisoma.

"Karani, hebu njoo. Hii tatu ni yangu?"

"Ni yako, dada."

"Sekunde tatu." Akaugeuza mkono wake huku na huku kama wa mtu mwingine. "Hata nilipokuwa msichana sikuwa hivyo. Si nilikwambia ni uvimbe wa kupita?"

Wiki iliyofuata alikuja hana kitambaa alichokuwa anafungia kifundo. Aliniambia mkono haukihitaji tena, mashine yenyewe imesema.

*

Kulikuwa na jambo moja nililokuwa silijui. Jumamosi, saiti ikiwa kimya, Mfano hujisahihisha. Mama anawaita watoto wake wote na kuwauliza nani kati yenu amefanya kazi vizuri kwa mapumziko machache zaidi, halafu anajifunza kwa huyo. Si kumfuata moja kwa moja. Anasogea tu upande wake, hatua kwa hatua.

Watoto sitini walimletea mama jasho. Mmoja alimletea sifuri.

Mapumziko yalikuwa dakika kumi kila baada ya karai mia. Jumatatu ya pili ya Festo yakawa saba. Jumatatu ya nne yakawa manne.

Na ubaoni, kila wiki, kwa herufi kubwa: MBEBAJI BORA, FESTO LUVANDA, bila kutaja zamu wala nafasi.

Hapo mtauliza, je, watu sitini hawakugundua kwamba hawana mtu kama huyo? Mngewajua watu wa Lukonde na Itowo msingeuliza. Zamu hizi mbili hazikuchangamana. Moja ilishuka njia ya mashariki wakati nyingine inapanda ya magharibi, na nyapara wao, Mligo wa asubuhi na mama mmoja mkavu aitwaye Nyapara Haule wa mchana, walikuwa hawasemeshani mwaka wa pili, tangu ugomvi wa beleshi lililorudishwa bila mpini.

"Huyo Festo wa Itowo," nilimsikia Mligo akisema, "ni mtu wa kujipendekeza. Anakimbia ili nani amuone?"

Na mchana, kwa Haule: "Lukonde wana mtu wao pale anawamaliza watu wangu. Hivi hana mama wa kumwambia apunguze?"

Baada ya muda wakaanza na kumwona. Mtu wa Lukonde aliapa amepishana naye njiani, mtu mrefu, kofia nyekundu, hasalimii. Watu wa Itowo walimjua kwa ufupi na kwa kula peke yake. Mimi muumba nilikaa na kishikwambi changu nikajifunza mambo mengi kuhusu mtu wangu.

Ningependa kusema nilicheka. Wiki ya kwanza nilicheka. Baadaye hapakuwa na wa kucheka naye. Dakika nne hazitoshi kushuka jukwaani, kwa hiyo watu walikaa palepale waliposimama, na mizaha ikakoma, kwa kuwa mzaha nao unataka pumzi. Nyapara Mligo aliacha kuniita kwa sauti ya mbuzi. Alininyooshea kidole tu. Niliona mtu akilala na kikombe cha chai mdomoni, chai ikimwagikia shati, na mwenzake akimtazama bila nguvu ya kumwamsha. Mimi mwenyewe nilianza kusinzia darasani usiku, na mimi nilikuwa sibebi kitu. Nilikuwa nawahesabu tu.

Dada Tulizo aliacha kuleta viazi. Alisema hapati muda wa kuvimenya, na akaniomba radhi.

Wiki ya sita, ringi ya thelathini na saba, Osmundi wa nafasi ya ishirini na mbili alilala amesimama. Karai yenye zege ikapita kwenye mikono yake wazi, ikamwangukia mguuni mwanamke aliyekuwa ngazi moja chini. Vidole vitatu vilipondeka. Alilia kwa sauti ndogo, ya kuchoka, kama mtu anayelalamikia usumbufu.

Mfano ukaandika: kuchelewa, dakika kumi na moja.

*

Nilimfuata Mhandisi Kyando kwenye kontena lake mchana uleule. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye macho yaliyokaa ndani, na chupa ya chai aliyoikumbatia kila wakati kama mtoto.

"Mhandisi, shikamoo."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba ruhusa ya kwenda shule, nenda. Kama umekuja kuuliza swali, keti."

Nikaketi. "Mama akijifunza kitu kibaya, anasahau vipi?"

"Mama nani?"

"Mbebaji. Ni swali la darasani tu."

Akamimina chai, akaitazama, akairudisha kwenye chupa. "Hasahau. Mfano hauna ubishi, Tusekile. Unaamini unacholetewa. Kila wiki natuma barua kwamba dakika nne ni mauaji, na kila wiki najibiwa kwamba yupo mtu mmoja anayeweza, kwa hiyo inawezekana." Akasugua macho. "Ili usahau, lazima mtu aandike kwamba kipimo fulani kilikuwa uongo, aandike na jina lake. Hapo unarudi nyuma mpaka siku uongo ulipoingia, unawapima watu wote upya kwa zile bangili zao."

"Wote?"

"Nafasi moja moja. Mapumziko yanarudi dakika kumi. Na kila aliyebebwa na ule uongo anaonekana alivyokuwa."

Nikafanya hesabu nikiwa nimekaa palepale. Upande mmoja watu sitini na dakika sita zao, na vidole vya miguu ambavyo vilikuwa bado vizima. Upande wa pili wiki sita za Tulizo, sekunde sita kila karai, nyekundu tupu kutoka juu hadi chini. Angetolewa siku hiyohiyo, ringi tatu kabla ya bomba. Sikujihesabu mimi mwenyewe, na naomba msinisifu kwa hilo. Nilikuwa nimeshajihesabu kitandani, kati ya waliofukuzwa.

"Ni swali la darasani kweli?" akauliza Kyando.

"Kweli, mhandisi."

"Haya. Ukipata jibu uniletee na mimi."

*

Jibu nililopata lilikuwa la kitoto, na lilinifurahisha kwa siku mbili nzima. Ijumaa jioni, kabla ya kufunga, nilimpa Festo homa.

Niliona kama ni busara. Akiumwa, Jumamosi mama hatakuwa na wa kumwiga. Labda dakika zitaanza kupanda. Na nafasi ya kumi na saba ingebaki na watu wawili kwenye orodha, maana mgonjwa hafutwi mpaka mwezi uishe, na mwezi ulitosha ringi tatu. Niliandika: Festo Luvanda, mgonjwa, yuko nyumbani. Ubao ukalitangaza kwa sababu ubao hutangaza kila kitu.

Jumamosi mama alijisahihisha. Dakika zikabaki nne. Alikuwa hana mpya wa kujifunza kwake, basi akashika alichonacho.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa bwenini nikiandika barua nyumbani, barua ya kueleza kwa nini ninahitaji soksi, matroni aliposimama mlangoni.

"Tusekile. Una wageni."

"Nani, matroni?"

"Mimi sijui nani. Ni wengi. Wamejaa getini na wana jogoo."

Nilitoka. Getini, kwenye jua, walikuwa wamesimama watu kama ishirini waliooga na kuvaa nguo za kanisani. Nyapara Mligo alikuwa na koti lililombana mabega. Kando yake, si mbali, hatua mbili hivi, alisimama Nyapara Haule na kitenge kipya. Osmundi alimshika jogoo kwapani. Mtu alikuwa na unga kwenye kilemba, mwingine sukari. Mhandisi Kyando alikuwa ameegemea gari la saiti. Na dada Tulizo alikuwa na dumu la maji la lita tano, maji ya mgao wake, amelibeba kwa mkono wa kushoto.

Nikaelewa kabla hawajafungua mdomo. Kwetu bwenini ukiumwa anakuja matroni, anakupa vidonge viwili, anaondoka. Nilikuwa nimekaa shule za bweni tangu darasa la nne. Nilisahau kabisa kwamba kwa watu mgonjwa hutembelewa.

"Karani," alisema Mligo, "tumekuja utupeleke kwa Festo."

"Kwa Festo?"

"Mwenzetu anaumwa siku ya tatu. Mtu humpendi, lakini akiumwa unakwenda. Tumechanga. Tulitaka kwenda moja kwa moja, tukakuta hatujui kwake."

"Sisi tulijua ni wa kwao," alisema Haule, akimwelekezea Mligo kidevu.

"Na sisi tulijua ni wa kwenu."

Wakatazamana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu lile beleshi.

"Si yule mrefu, wa kofia nyekundu?" Osmundi akauliza.

"Mrefu wapi? Mfupi yule. Mimi nimemwona," akasema mama mmoja wa Itowo, kisha akaonekana anajiuliza alimwona lini.

"Ndiyo maana tumekuja kwako," Mligo akasema. "Daftari la majina ni lako. Mtu huyu anakaa wapi?"

Niwaambie ukweli, nilifikiria kumuua. Ingekuwa rahisi: ghafla, jana usiku, homa kali. Halafu nikawatazama wale watu, jinsi walivyosimama wakiegemeana bila kujua kwamba wanaegemeana, Jumapili yao ya kulala wameitumia kupanda mlima na jogoo. Wangekuja msibani. Wangelala matanga siku tatu kwenye ardhi baridi, na mchana wangebeba zege.

"Hayupo," nikasema.

"Ametoka na homa?" Haule akauliza.

"Hajawahi kuwepo. Nilimwandika mimi. Ni mistari kumi na moja, kwenye kishikwambi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Osmundi alimbadilisha jogoo kwapa.

"Na dakika nne?" Mligo akauliza polepole.

"Ni kwa sababu yake. Hana uchovu. Sikumwekea. Mfano ulidhani ni mtu, ukawataka wote muwe kama yeye."

Nyapara Haule akakaa chini, palepale kwenye changarawe, na kitenge chake kipya.

Mhandisi Kyando alikuja na kishikwambi chake wazi. Sikuona hasira usoni mwake. Niliona mtu anayetaka kumaliza kazi akalale. "Ulifanya kwa mzaha," alisema. Hakuniuliza. Alikuwa anaandika, na sifa zangu alikuwa anazijua tangu kengele.

Pale nilikuwa na mlango wazi. Mzaha. Kila mtu angeamini, mkuu wa shule angeapa mahakamani. Ningefukuzwa kama mtukutu, jambo ambalo nilikuwa nalitegemea tangu Kidato cha Kwanza. Na Jumatatu asubuhi Tulizo angefika saiti, angesimama mbele ya ubao ajisome, na angeambiwa na herufi nyekundu, mbele ya watu thelathini, bila mtu wa kumweleza.

"Nafasi ya ngapi ulimweka?" Kyando akauliza.

Tulizo alikuwa ananitazama kwa upole, uso wa mtu anayemhurumia mtoto atakayechapwa. Alikuwa bado hajaweka dumu chini.

"Ya kumi na saba," nikasema.

Upole ule ulikaa usoni mwake kidogo zaidi, kisha sikuweza kuutafuta tena. Aliutazama mkono wake wa kulia. Nilitoka getini, nikapita kwa Mligo, nikapita kwa jogoo, nikasimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Haukuwa mzaha, mhandisi. Andika hivyo," nikasema, lakini nilikuwa namwambia yeye. "Dada Tulizo, sekunde tatu hazikuwa zako. Ni sita, na siku zote zilikuwa sita. Nilikugawa na mtu asiyekuwepo ili usitolewe, na sikukuambia, nikakuacha ufungue kitambaa. Mkono wako haujapona, dada. Haujawahi kupona. Ni mimi."